Dawa Tunatumiaga

Mwisenge, Jumapili alasiri

Pendo mwanangu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Eliza, na kwa wingi wa nywele zako najua hurudi kabla jua halijazama. Begi lako liko hapa sebuleni, limefungwa, na mimi nimeshalifungua mara mbili. Usikasirike. Sikuwa natafuta siri zako, nilikuwa natafuta ile kanda.

Ile ya duara, kwenye boksi la kadibodi, niliyoiandika kwa mkono wangu: Bukima, sumu ziwani. Juzi ulipoitoa uvunguni mwa kitanda changu ukaniambia utaicheza kwenye kipindi chako cha kwanza kule Mwanza, kwamba redio yenu ina mashine ya zamani stoo na fundi amekubali kuifufua, nilijibu "haya" nikaendelea kupeta mchele. Haya gani? Umeichagua kwa jina lililoandikwa juu tu. Hapa nyumbani hatuna mashine ya kuichezea, hujui kilichomo. Nataka ujue kabla ya basi la kesho asubuhi. Na ukishajua, huenda mama unayemsifia watu ukamkosa. Hilo ndilo linaloniinua kwenye kiti kila nikiandika mistari miwili.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kanisa gani usali, ya nani akikusalimia umjibu na nani umpite, shangazi yako atakwambia mpaka umchoke. Mimi sina nafasi hiyo leo.

Nirudi kwenye chakula cha jana, cha kukuaga. Ulisimama mbele ya ndugu zetu wote, wa Kiriba na wa Bunda, ukasema: "Mama aliondolewa redioni kwa sababu hakuwaogopa wakubwa, na mimi naenda kusema kama yeye." Watu wakapiga makofi. Baba yako akatazama sahani yake. Mimi nikaingia jikoni kusonga ugali ambao ulikuwa umeshaiva.

Sikuondolewa na mkubwa yeyote, Pendo. Niliondoka mwenyewe, na sababu imo ndani ya boksi hilo.

Nianzie mbali kidogo, nivumilie. Nilipoingia kwenye kazi hii redio ilikuwa moja nchi nzima, na mimi nilikuwa mtu wa kutumwa tu. Msichana wa Kiriba, kidato cha nne, nimepewa rekoda nzito ya kuning'iniza begani na kanda tatu. Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni hakuna, sukari hakuna, betri ndiyo usiseme. Zilizokufa tulizianika juu ya bati kama dagaa, zikipata joto zinaamka dakika kumi, na ndani ya dakika hizo kumi lazima mtu awe amesema alichonacho. Ndiyo maana nilijifunza vibaya tangu mwanzo. Mzee anaanza na salamu, anapita kwa babu yake, anazunguka mlima, na mimi macho yangu yako kwenye kile kitaa chekundu kinachofifia. Namkatiza: "Baba, kwa kifupi." Mpaka leo baba yako akitaka kunichokoza nikianza kulalamika, hunijibu hivyo hivyo.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa, vyama vikawa vingi, viwanda vya samaki vikaja na magari yao ya barafu, na watu wa mkoa wakasema na sisi tuwe na redio yetu wenyewe. Unaikumbuka ile nyumba ya vyumba viwili hapa Mwisenge. Ukutani tulibandika trei za mayai ili sauti isirudi, mlangoni tukatundika blanketi. Mbuzi wa jirani alisikika hewani mara nyingi kuliko mkuu wa mkoa. Mwalimu Bwire, mwalimu mstaafu aliyeiongoza redio ile, alinipa kipindi cha saa moja jioni, tukakiita Mazungumzo ya Saa Moja. Hakuna hotuba, hakuna risala. Mtu anakaa, anaulizwa, anajibu. Leo ziwa, kesho bei ya pamba Bunda, keshokutwa wagombea wa vyama viwili wanagombania barabara moja ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeilima, na Ijumaa ni muziki.

Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nakwambia ili usidhani niliifanya kwa uzembe.

Ijumaa moja alikuja mzee wa Butiama na zeze lake, kalifunga kwenye baiskeli kwa mpira. Nikamwomba apunguze wimbo, dakika nne zinatutosha. Akaniangalia kwa huruma. "Binti," akasema, "wimbo huu una watu kumi na mmoja ndani yake, wote ni ndugu zangu. Dakika nne wataingia wangapi?" Nikacheka, nikamwambia apige wote. Alipopanda baiskeli yake nikaukata. Dakika nne. Sijui niliwaacha wangapi njiani, wala sikujiuliza.

Nyinyi mtakata kwa kompyuta, na ukikosea unarudisha kwa kidole. Sisi tulikata kwa wembe, wembe huu huu wa dukani. Unaisogeza kanda kwa mkono mpaka neno linavutika na kulia, unatia alama kwa penseli, unakata, unaunga kwa utepe wa gundi. Kilichokatwa kinaanguka miguuni. Asubuhi mfagiaji anafagia sauti za watu pamoja na vumbi. Mimi nilikuwa na mkono mzuri. Mwalimu Bwire alikuwa anasema nikiunga mimi, hata mwenye sauti hajui kama amepunguzwa. Nikavimba kichwa.

Nimesimama hapo kidogo. Nilikwenda dirishani kuona kama unakuja. Huji.

Sasa Bukima. Mwaka ule kando ya ziwa neno lilikuwa moja: sumu. Ilisemekana wapo wavuvi wanaomwaga sumu majini usiku, samaki wanaelea, wanaokotwa, wanauzwa. Wanunuzi wa ng'ambo wakakataa samaki wetu, viwanda vikarudisha watu nyumbani, na kila mwalo, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, watu wakawa wanachunguzana. Mwalimu Bwire akanituma nikazungumze na wavuvi. Nikapanda lori la dagaa hadi Bukima, nikamkuta mtu anaitwa Manyama. Mshike huyu, habari yote ni yake.

Alikuwa mtu mzima wakati huo, mzee wa kanisa, mpole, na kikohozi ambacho kilikuwa hakimwachi. Alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona nyavu, hakuacha kushona hata nilipowasha rekoda. Mkewe alinipikia samaki wawili wadogo, furu, akaniambia nile vizuri maana tangu sangara wajae ziwani furu wamekuwa hadithi. Walikuwa wawili tu, na walikuwa wa kwao. Wakanipa mimi.

Nikamuuliza mbona yeye anapata samaki na wenzake wanarudi mikono mitupu. Hili ndilo jibu lake. Nimelirudia moyoni mara nyingi kuliko sala yoyote:

"Dawa tunatumiaga. Si uongo. Lakini ni ya nyavu tu, yale majani mke wangu anachemshaga, tunaoshea nyavu kuondoa mkosi tukitoka kuzika." Akakohoa. "Kila mtu hapa mwaloni anajua."

Jioni ile, studio, nilipolisikiliza nikaingiwa na hofu. Hofu ya sumu? Hapana, hata haikunijia. Niliogopa kanisa. Mzee wa kanisa anakiri redioni kwamba nyavu zake zinaoshwa kwa majani ya mkosi. Nilijua wangemvua uzee wake kabla ya Jumapili, mkewe angekalishwa benchi la nyuma, na mimi nimekula furu zao. Basi nikachukua wembe. Nilikata kuanzia "lakini" mpaka mwisho wa kikohozi. Nilikata kwa huruma, mwanangu. Ndiyo sababu sijawahi kumwogopa mtu mbaya kama ninavyoiogopa huruma yangu mwenyewe nikiwa nimeshika wembe.

Utaniuliza, dawa kwa nini uliiacha? Kwa sababu sikuona ubaya wake. Mimi ni mtoto wa Kiriba. Babu yako alikuwa na pipa nyuma ya nyumba, lina maji mekundu ya magome ya miti, humo alizamisha nyavu zisioze. Sisi tuliita dawa. Msichezee dawa. Dawa imepungua, nendeni mkachubue magome. Masikioni mwangu mvuvi akisema dawa, nasikia harufu ya pipa la baba. Nikaona nimeondoa mkosi, imebaki dawa ya pipa, Manyama yuko salama. Nikaunga. Kiungo kilikuwa safi, hakikusikika kabisa.

Kesho yake kipindi kikarushwa. Tulikuwa tunakula, wewe una miaka kumi na moja, unatoa miiba kwenye samaki na kuipanga ukingoni mwa sahani kama desturi yako. Redio iko juu ya kabati. Sauti ya Manyama ikatoka:

"Dawa tunatumiaga. Si uongo. Kila mtu hapa mwaloni anajua."

Baba yako akarudisha tonge kwenye sahani. "Huyu amekiri," akasema.

"Amekiri nini?"

"Sumu. Hujamsikia? Amesema mwenyewe wanatumia dawa."

"Dawa ya nyavu," nikamwambia.

"Nyavu zinaumwaga?"

Hakuwa anatania. Baba yako ni mtoto wa pamba. Kwao Bunda dawa ni moja tu, ile ya kupulizia pamba, kopo lenye fuvu la kichwa, mtoto akilisogelea anachapwa. Na ni dawa hiyo hiyo ambayo watu walikuwa wanasema inamwagwa ziwani. Miaka kumi na mitatu tumekaa nyumba moja, tumezaa, tumezika, na kumbe neno dogo namna ile kila mmoja alikuwa nalo la kwao. Nusu ya mkoa huu ni ziwa na nusu ni pamba. Nilikuwa nimezungumza na wote kwa neno la nyuma ya nyumba ya baba yangu.

Nikamweleza. Nikamwambia nilichokata na kwa nini. Ulikuwa umeshatoka nje kunawa. Baba yako akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kesho saa moja rekebisha. Maneno machache tu." Nikasema sawa. Na nilikusudia, Pendo, sikuwa nadanganya.

Asubuhi nilifika studio kabla mfagiaji hajamwaga taka. Nikapiga magoti nikatafuta kwenye vipande alivyofagia jana yake mpaka nikakipata. Kina urefu wa mkono wangu, kutoka begani hadi ncha za vidole, na kwa macho hakina tofauti na utepe mwingine wowote wa kahawia. Nilikijua kwa alama zangu za penseli. Nikakikunja, nikakitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Ningeweza kukirudisha mahali pake saa ile ile. Mashine ilikuwa mbele yangu, gundi ipo.

Jioni nikakaa mbele ya maikrofoni na karatasi yenye mistari mitano. Nikaitazama. Nikasema moyoni, nikisahihisha lazima nitaje majani ya mkosi, na nikiyataja nimempeleka mwenyewe mbele ya kanisa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ilikuwa na sura nzuri. Ya kweli ilikuwa ndogo na mbaya: ningelazimika kusema "nilikata". Mimi mwenye mkono mzuri. Nikasoma bei ya pamba, nikasoma matangazo ya vifo, nikawatakia wasikilizaji usiku mwema. Siku ya pili nikasema kesho. Siku ya tatu nikasema Jumatatu, wiki mpya. Wazee husema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Wangu haukujikwaa. Ulilala tu, ukajifunika.

Habari zilinifika kwa wauza dagaa. Kamati ya mwalo ilimwita Manyama, wakamwambia umesema mwenyewe redioni, mkoa mzima umekusikia. Akawaeleza juu ya majani. Wakacheka, maana sasa ilionekana ameyatunga. Boti la barafu, lile la kununua samaki, likawa linampita. Wanawake wakaacha kununua kwa mkewe. Nyavu zake zikachomwa pale pale mwaloni, mchana, watu wakiangalia. Na kanisa nalo, lilipomsikia akijitetea kwa majani ya mkosi, likamvua uzee. Kwa hiyo nilichomkatia kisimpate kilimpata, na nilichomletea kikampata pia. Akahamia visiwani kuvulia watu wengine, yeye aliyekuwa na mitumbwi yake.

Baba yako aliniuliza mara moja tu kama nilisema. Nikaanza kukusanya vyombo. Hakuuliza tena, na kule kutouliza kwake nimekaa nako miaka yote hii.

Wiki tatu baadaye niliandika barua ya kuacha kazi, "kwa sababu za kifamilia". Mwalimu Bwire alinifuata hadi hapa nyumbani, akakaa kwenye kiti hiki ninachoandikia, akasema, "Kipindi bila wewe ni stuli ya miguu miwili." Sikumwambia kitu. Sasa, kumbuka ilikuwa kipindi cha kampeni. Siku chache kabla, mgombea mmoja alikuja studio na vijana wake, amekasirika kwamba mwenzake alipewa muda mrefu kuliko yeye. Mwalimu Bwire alimpa chai, mgombea akamaliza hasira zake, akaenda. Basi. Lakini watu walimwona akiingia, kisha wakaona mimi sipo hewani, wakaunga wenyewe. Nao wana mkono mzuri. Sokoni mwanamke akanishika bega akasema, "Pole mama, ukweli una gharama." Nikasema asante. Asante hiyo ndiyo uongo wangu wa kwanza uliosikika kwa sauti.

Ulipokuwa darasa la saba uliandika insha, "Mtu Ninayemheshimu". Ukanisomea jikoni. Nilikuwa nakatakata vitunguu, na nilishukuru kuwa nakatakata vitunguu.

Tangu hapo kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kuliko uliopita. Uliipenda redio kwa sababu yangu, ukasoma kwa sababu yangu, ukaomba kazi Mwanza ukaipata, na mimi nafurahi, nafurahi kweli, kisha nalala chali naangalia dari. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikujua kwamba kinaweza kuja kwa sura ya mtoto ameshika boksi la kadibodi na kutabasamu.

Bado jambo moja, ndilo gumu zaidi, na nimeshakwenda mpaka uani nikarudi.

Mwaka jana, mwezi ule ulipokuwa kwenye mafunzo, nilishuka soko la samaki. Nikamwona. Amezeeka, amerudi Bukima, ana beseni moja la dagaa na kofia ya sufu. Niliinama nyuma ya mafungu ya mhogo, mimi mtu mzima, nikajifanya nafunga kamba ya kandambili. Kandambili hazina kamba, Pendo.

"Mama wa redio," akaniita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Akapanga dagaa zake kwa kiganja. Akakohoa, kile kile. "Nilikuwaga nataka nikuulize kitu, si kwa ubaya. Siku ile nilisemaga maneno mengine. Yale mengine uliyaweka wapi?"

Alikuwa anauliza kweli. Hakuwa na hasira usoni, alitaka kujua tu, kama mtu aliyeacha shuka kwa watu. Na kitabu cha nyimbo, kipande bado kimo ndani yake, kilikuwa hapa nyumbani, kwenye rafu, juu ya kichwa cha kitanda changu.

"Yalipotea, baba," nikasema.

"Basi," akasema. "Vitu vinapoteaga."

Akanifungia dagaa, akaniongezea kiganja kimoja cha bure. Nilizipika. Wewe hukuwepo, baba yako alikula, mimi sikuweza.

Sasa unajua kilichomo kwenye begi lako. Nilikwambia nimelifungua mara mbili. Mara ya kwanza niliitoa kanda, nikaificha chini ya godoro, nikasema atadhani aliisahau. Nikakaa juu ya godoro hilo. Kisha nikaona ninachofanya: nimeshika wembe tena, kwa huruma tena, na safari hii ninayemkata ni wewe. Mara ya pili niliirudisha. Iko pale pale ulipoiweka, kati ya taulo na viatu.

Sikukatazi kuichukua. Ninachokuomba ni kwamba usiicheze. Kanda hiyo ina tundu katikati, na tundu lile lina mwenyewe. Yeye ndiye wa kusema kama lizibwe, na kama akipenda mkoa mzima umsikie akitaja majani ya mkewe, au kama amechoka kusikiwa. Mimi niliwahi kumwamulia. Nawe usimwamulie, hata kwa wema. Hasa kwa wema.

Na kuhusu mimi, waambie watu utakavyoona. Ukitaka kuinyamazia ile hadithi ya wakubwa, inyamazie. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ila usiache kula. Nitaona aibu mbele yako, hilo silifichi, na sijui aibu hiyo itachukua muda gani kunizoea. Lakini nimechoka kupigiwa makofi kwa maneno ya mtu mwingine.

Naandika haraka sasa. Nimesikia kicheko cha Mama Eliza njiani, nadhani anakusindikiza. Nitaiweka barua hii juu ya begi, ili usome kabla hujalala na si ndani ya basi mbele ya watu. Ukitaka kuja kuniuliza kitu, mlango wangu utakuwa wazi. Ukitaka kutokuja, pia nitaelewa.

Baba yako, aliyewasindikiza ndugu zake hadi Bunda, anafika alfajiri, yeye ndiye atakayekupeleka stendi. Nilitaka niwe pale, nikupungie mkono mpaka basi lipinde kona, kama mama wengine. Lakini gari la Bukima linaondoka saa ile ile, na nikiliacha kesho najijua, nitasema Jumatatu ijayo.

Kitabu cha nyimbo nimeshakitia kwenye mkoba. Naenda kumwambia Manyama kwamba maneno yake hayakupotea.

Mama yako,
Nyangeta